Dola ya 1804: Sarafu ya Sultani Yenye Mwaka Usio Wake

Mpenzi msomaji, iwapo siku moja mtu atakufuata kwenye steji ya matatu, akufungulie leso kwa siri na kukuonyesha sarafu kubwa ya fedha ya Marekani iliyoandikwa mwaka 1804, mpe pole kwa jua kali kisha panda gari lako uende zako. Sarafu hiyo si ya kweli. Nasema hivyo bila kuiona wala kuishika. Duniani kote zinajulikana chache tu, kila moja ina jina lake kama ng'ombe wa maziwa, na wataalamu wameandika ilitoka mikono ya nani ikaingia mikono ya nani. Nyingine haiwezi kuwa inazurura mjini ikitafuta mnunuzi.

Nasema haya kwa sababu jamaa mmoja wa Eastlands, ambaye jina lake nitalihifadhi, alinijia na ya kwake. Alikuwa ameinunua kwa Sh38,000, hela alizokuwa ameziweka kando kwa karo ya binti yake aliye chuoni. Aliyemuuzia alikuwa na kipande cha gazeti kilichoeleza jinsi sarafu ya aina hiyo ilivyouzwa mnadani kwa mamilioni ya dola. Na hapo ndipo penye utamu wa ulaghai huu, kwa maana gazeti lenyewe halikudanganya hata kidogo! Tulikwenda kwa sonara. Mizani yake ikasema gramu 19, na sumaku ilipoletwa karibu, "dola" ile ikarukia kama msumari. Fedha haivutwi na sumaku. Yule bwana alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza kama sonara angeweza kuinunua japo kwa bei ya chuma.

Basi leo tuisimulie sarafu ya kweli, maana anayejua kisa chake hawezi kuuziwa ya uongo. Tena ni kisa kinachotuhusu sisi wa upande huu wa bahari kuliko unavyodhani.

Marekani ilipojitwalia uhuru wake haikuwa na fedha zake yenyewe. Watu walinunua na kuuza kwa sarafu za Hispania, zile kubwa zilizochapwa Mexico na Peru. Huku kwetu pwani tulizijua pia. Wazee waliziita reale ya mzinga, kwa kuwa zilichorwa nguzo mbili zilizofanana na mizinga iliyosimamishwa. Wamarekani nao waliziita dola, neno lililotokana na "thaler", sarafu ya Wajerumani, na ndilo walilolichagua kuwa jina la fedha zao. Sheria ya tarehe 2 Aprili, 1792 ikaweka mambo wazi: kutajengwa kiwanda cha kuchapa sarafu mjini Philadelphia, na dola moja itakuwa na uzito wa takriban gramu 27, fedha ikiwa sehemu kama 89 katika kila mia na iliyobaki shaba. Ushike uzito huo, msomaji, utakufaa mbele.

Kiwanda kilijengwa upesi, lakini fedha hazikuchapwa. Kisa? Sheria ilimtaka mchapaji mkuu na mpimaji wa madini waweke dhamana ya dola 10,000 kila mmoja kabla hawajaruhusiwa kugusa dhahabu au fedha. Hela hizo zilikuwa nyingi kuliko walizoweza kuzipata wawili hao. Kwa muda wote huo kiwanda kilichapa senti za shaba tu, mpaka dhamana ilipopunguzwa. Mkurugenzi wa kiwanda, David Rittenhouse, ambaye pia alikuwa mtaalamu wa nyota, alitoa vipande vyake mwenyewe vya fedha ili kazi ianze. Tarehe 15 Oktoba, 1794 zikatoka dola 1,758. Hizo ndizo dola za kwanza kabisa za serikali ya Marekani, na ndizo zote za mwaka ule.

Hebu itazame moja. Upande mmoja kuna kichwa cha mwanamke aitwaye Uhuru, nywele zimetawanyika nyuma kama aliyetoka kukimbia, na nyota 15 zimemzunguka kwa idadi ya majimbo ya wakati huo. Upande wa pili kuna tai mwembamba aliyezungukwa na shada la majani. Mchoraji alikuwa Robert Scot. Wengine waliokuwapo hawakumpenda tai huyo, nami siwalaumu. Amekaa kama kuku aliyenyeshewa.

Hakuna mahali palipoandikwa "dola moja" juu ya nyuso hizo mbili. Thamani yake imechorwa ukingoni: HUNDRED CENTS ONE DOLLAR OR UNIT, yaani senti mia, dola moja au kizio kimoja. Waghushi wengi huchora uso na kusahau ukingo, kwa hiyo hapo ndipo pa kwanza kutazama.

Mashine iliyotumika ilikuwa ndogo kwa kazi ile. Ilikusudiwa sarafu za nusu dola, nayo haikuwa na nguvu ya kulikandamiza vyema bamba kubwa la dola. Ndiyo maana nyingi za mwaka 1794 zimefifia upande wa kushoto, nyota hazionekani vizuri. Kisha kulikuwa na jambo la uzito. Kila kipande kilipimwa kabla ya kuchapwa. Kikizidi, kilipigwa tupa mpaka kikawa sawa. Mikwaruzo ya tupa huonekana hadi leo, na mkusanyaji anayejua mambo haihesabu kuwa kasoro. Kikipungua, wakati mwingine kilitobolewa katikati na kuchomekwa kijiti cha fedha, kisha mashine ikakilaza pamoja na sarafu. Dola moja ya 1794 yenye kiraka cha namna hiyo iliuzwa mnadani mjini New York Januari 2013 kwa dola 10,016,875. Naam, kiraka na mikwaruzo yote!

Kati ya zile 1,758, zilizosalia zinakadiriwa kuwa chini ya 200. Mwaka 1795 mashine kubwa zaidi ilikuwa imepatikana na sarafu zikatoka kwa wingi. Mwishoni mwa mwaka huo yule Uhuru wa nywele zilizotawanyika alibadilishwa, akaja mama wa heshima mwenye shuka begani na utepe nywelini. Tai naye akabadilishwa, kisha akabadilishwa tena mwaka 1798 akawa tai wa nembo ya taifa, mwenye ngao kifuani. Sura hiyo ndiyo iliyodumu hadi dola zilipokoma.

Mbona zilikoma? Hapa pana hesabu ambayo mfanyabiashara yeyote wa Gikomba angeielewa mara moja. Dola mpya ya Marekani ilikuwa nyepesi kidogo kuliko reale ya Hispania, lakini katika visiwa vya Karibi watu walizipokea moja kwa moja. Basi wajanja walibeba dola mpya zinazong'aa, wakazibadilisha huko kwa reale kuukuu zilizo nzito zaidi, wakarudi nazo Philadelphia, wakampa mchapaji azigeuze dola, na chenji ya fedha ikabaki mfukoni mwao. Kisha safari ikaanza upya. Serikali ndiyo iliyolipia kazi ya kuchapa, na mwananchi wa kawaida hakuziona dola hizo sokoni. Nyingine zilisafirishwa hadi China kulipia chai na hariri, zikayeyushwa huko. Mwaka 1804 kiwanda kilitoa dola 19,570, lakini kwa kutotaka kupoteza mihuri iliyokuwa bado mizima, kilitumia ya miaka iliyotangulia. Vitabu vya hesabu vikaandika: mwaka 1804, dola 19,570. Sarafu zenyewe hazikuwa na mwaka 1804. Mwaka 1806 amri ikatolewa kwamba dola zisichapwe tena.

Miaka 30 ikapita, na sasa tunarudi nyumbani.

Bila shaka umesikia habari za kitambaa cha merikani. Jina hilo halikuanguka kutoka mawinguni. Meli za wafanyabiashara wa Salem, mji wa jimbo la Massachusetts, zilikuwa zikija Unguja na shehena za pamba iliyofumwa kwao, na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Mtawala wa Unguja na Muscat alikuwa Seyyid Said bin Sultan, yule yule wa mikarafuu. Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani aitwaye Edmund Roberts alifika Muscat akatia saini naye mkataba wa biashara, baada ya kutia saini mwingine na mfalme wa Siam, nchi ambayo leo ni Thailand. Kwa mkataba wa Muscat, ushuru wa bidhaa za Wamarekani uliwekwa kuwa asilimia tano.

Iliporudi zamu ya kupeleka mikataba iliyoidhinishwa, ilibidi kupeleka na zawadi. Mtu haendi kwa sultani mikono mitupu. Mwishoni mwa mwaka 1834 serikali ya Rais Andrew Jackson ikaagiza kiwanda cha Philadelphia kitengeneze seti za sarafu zote za nchi, ziwekwe ndani ya visanduku vya ngozi. Sasa wakuu wa kiwanda wakakuna vichwa. Dola ilikuwa bado sarafu halali kisheria, lakini haikuwa imechapwa kwa miaka 30. Seti bila dola ingekuwaje? Wakafungua vitabu, wakasoma kwamba dola za mwisho zilitoka mwaka 1804. Basi wakachonga muhuri mpya wenye mwaka huo. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa dola ya 1804, katika mwaka 1834, na haikuwako nyingine ya kweli ya mwaka ule ya kulinganisha nayo.

Roberts alisafiri kwa meli ya kivita iitwayo Peacock. Alipita Unguja mnamo Septemba 1835, akaelekea Muscat, na karibu na kisiwa cha Masirah meli ikakwama juu ya mwamba. Mabaharia walitupa baadhi ya mizinga baharini ili ipate kuelea. Roberts na watu wachache wakashuka kwenye mashua ndogo na kutangulia kwa kasia na tanga hadi Muscat kuomba msaada, na Seyyid Said akautoa. Visanduku vikafika salama, naye Sultani akapokea zawadi yake mwaka huo huo wa 1835. Cha mfalme wa Siam kilifika Bangkok mwaka 1836. Vingine viwili, vilivyokusudiwa Annam na Japani, havikufikishwa, kwa sababu Roberts aliugua njiani akafia Macau mwezi wa Juni, 1836.

Alichofanya Seyyid Said na dola ile hakikuandikwa. Sidhani aliithamini sana. Mtu mwenye mikarafuu na pembe za ndovu ataionea nini sarafu moja? Iliyokuja kuonekana baadaye huko Uingereza katika karne ya 19, mikononi mwa mkusanyaji wa Liverpool aitwaye Watters, ndiyo ambayo wengi wanaamini ni yake. Ni nzuri kuliko zote. Mwaka 1999 iliuzwa kwa dola 4,140,000, na Agosti 2021 ikauzwa tena kwa dola 7,680,000.

Wakusanyaji wa Marekani walibishana kwa zaidi ya karne nzima kama sarafu hizi zilichapwa kweli mwaka 1804. Waliosema hapana walikuwa na ushahidi wa macho. Ukingo wa dola ya 1804 umeinuka sawasawa pande zote kama wa sahani, jambo ambalo mashine za mwaka 1804 hazikuweza kulifanya. Kisha mwaka 1962 kisanduku cha mfalme wa Siam kikajitokeza, dola ya 1804 ikiwa imekaa katika tundu lake kando ya sarafu za mwaka 1834. Yakaisha mabishano. Mwaka huo huo kilitoka kitabu cha Eric Newman na Kenneth Bressett kilichoeleza habari yote.

Zilizochapwa wakati wa safari za Roberts ziko nane. Nyingine zilichapwa kisirisiri na watu wa kiwanda chenyewe kati ya mwaka 1858 na 1860, walipogundua kwamba kuna matajiri walio tayari kulipa. Moja kati ya hizo ilipigwa juu ya sarafu ya Uswisi, na alama za Uswisi bado zinaonekana chini yake. Hiyo imo katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Kwa hiyo, msomaji wangu, sarafu inayoitwa mfalme wa sarafu za Marekani ina mwaka wa uongo, na karibu nusu yake ni kazi ya wezi wa ofisini. Bei haijashuka hata hivyo.

Baadhi yenu, hasa wanafunzi, mmeniuliza kama ukusanyaji huu unawezekana kwa mtu wa mshahara wa kawaida. Dola za 1794 hadi 1803, sahau. Hata iliyosagika ya mwaka 1799, ambayo si adimu, hupita dola 1,000 za leo. Lakini fedha ya Marekani haikuishia hapo. Dola zilianza kuchapwa tena, na kuanzia mwaka 1878 hadi 1904, na tena mwaka 1921, ilikuwako dola iitwayo Morgan, kwa jina la mchoraji wake. Hiyo ilichapwa kwa mamia ya mamilioni. Ni kweli kwamba kwa sheria ya mwaka 1918 serikali iliyeyusha zaidi ya dola 270,000,000, lakini zilizobaki ni tele. Morgan ya 1921 iliyotumika haigharimu zaidi sana ya fedha iliyomo. Ina gramu 26.73, asilimia 90 ni fedha, na upana wake ni milimita 38.1. Ukiwa na ndugu aliyeko Marekani, mwambie akununulie moja kwa muuzaji mwenye duka na jina, akutumie pamoja na risiti.

Ukitaka kununua hapa, au mtu akikuletea, nenda kwa sonara uliyemchagua wewe, usikubali kupelekwa kwa wa muuzaji. Mpime uzito. Dola ya kabla ya 1804 isiyosagika sana haiwezi kuwa na gramu 20, wala 30. Weka sumaku, ingawa kutovutwa si dhamana, kwani shaba na risasi pia hazivutwi. Uitazame kwa kioo cha kukuzia: sarafu iliyosubiwa kwa kalibu huwa na vitundu vidogo vidogo na herufi za mviringo kama sabuni iliyotumika, ilhali iliyochapwa kwa mashine ina herufi kali. Ukingo usisahau. Zamani waghushi walichukua dola ya kweli ya 1800 au 1801 wakaichonga tarakimu ya mwisho iwe 4. Siku hizi nyingi hutengenezwa mpya kabisa, hasa China, na hata vile vikasha vya plastiki vya makampuni ya kukagua sarafu huigwa. Kikasha kikiwa na nambari, nambari hiyo itafutwe kwenye tovuti ya kampuni husika, na picha ilinganishwe na sarafu iliyo mkononi mwako.

Jambo moja zaidi kwa kina mama na kina baba wenye masanduku ya zamani ya bibi. Huenda mna reale, rupia, au zile senti zetu zenye tundu. Tafadhali msizisugue! Majivu, ndimu, dawa ya kung'arisha shaba, vyote huondoa ngozi ya juu ya sarafu ambayo imechukua miaka mingi kujijenga, na mnunuzi anayejua mambo ataikataa ikiwa imeng'aa kama sufuria ya sikukuu. Ishikeni kwa ukingo, si kwa uso. Iwekeni ndani ya bahasha ya karatasi kavu, si ya plastiki laini, kwa kuwa plastiki hiyo hutoa unyevu wa kijani unaokula chuma. Na juu ya bahasha andikeni kwa penseli ilitoka kwa nani, aliipata wapi, na mwaka gani, maadamu bibi yungali hai wa kuulizwa.